Strontiamu yasema mawili, kisukuku chachagua moja

Ukiniletea jiwe la chokaa la baharini na kuniambia uwiano wake wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86 (aina mbili za atomu za metali strontiamu, zenye uzito tofauti) ni 0.7078, ukitaka umri wake, nitakuuliza kwanza: ndani yake kuna visukuku gani, yaani mabaki ya viumbe wa kale? Hata tukiacha zama za kale zaidi, namba hiyo ina majibu mawili. Bahari ilikuwa nayo mwishoni mwa zama za Kretasi, takriban miaka milioni 66 iliyopita, ikairudia karibu na mwisho wa zama za Eosini, miaka milioni 34 hivi iliyopita.

Uwiano huo hupanda na kushuka. Mito huleta strontiamu-87 kwa wingi kutoka miamba mikongwe ya nchi kavu, ambako atomu za rubidiamu-87 huoza taratibu na kuwa strontiamu-87. Volkano za sakafu ya bahari huleta strontiamu yenye uwiano mdogo. Strontiamu hukaa majini mamilioni ya miaka, ilhali mikondo huchanganya bahari zote kwa miaka elfu moja au mbili. Kwa hiyo chaza wa Lindi na chaza wa Karibi walioishi zama moja hubeba namba ileile. Ndiyo sababu naiamini kuliko uwiano wa aina za atomu za kaboni, ambao huyumba hata kati ya ghuba na ghuba.

Nikikuta Nummulites, foraminifera (viumbe wa baharini wa seli moja wenye ganda) bapa kama sarafu (mawe ya piramidi za Giza yamejaa hao), Kretasi naifuta. Nikikuta Globotruncana, foraminifera wa Kretasi, naifuta Eosini. Mpaka wa Eosini na Oligosini, zama zilizoifuata, umewekwa Massignano, Italia, pale familia ya foraminifera ya Hantkenina inapokoma, miaka milioni 33.9 iliyopita. Kukoma huko kumeonekana pia katika udongo wa mfinyanzi uliochorongwa kusini mwa pwani ya Tanzania, wenye maganda yaliyohifadhika vizuri ajabu.

Lakini spishi moja huweza kudumu miaka milioni kadhaa, na hapo strontiamu hunisaidia kubana tarehe. Hufanya kazi vizuri katika Oligosini na mwanzo wa Miosini iliyofuata, uwiano ulipopanda kwa kasi. Katikati ya Eosini ulikaribia kulala. Huko siisumbui maabara.

Kazi kubwa ni kuchagua ganda. Maji ya mvua yakipenya jiwe, huyeyusha madini na kuyajenga upya, na strontiamu ngeni huingia. Napima manganizi na chuma, dalili za mabadiliko hayo. Vikizidi, sampuli naitupa. Chaza huvumilia. Matumbawe ni shida, kwani aragonaiti yake, madini ya chokaa yasiyo imara, hugeuka upesi kuwa kalsiti, madini ya chokaa yaliyo imara zaidi. Matumbawe yenye umri mdogo ya pwani ya Kenya na Zanzibar hupimwa kwa urani na thoriamu, njia inayofika takriban miaka laki tano, mradi aragonaiti iwe haijageuka.