Itikadi isomwe kwenye miiko na bajeti

Kila ninapoanza kufundisha somo la itikadi za kisiasa, wanafunzi huja na jedwali kichwani: ubepari safu hii, ujamaa safu ile, uliberali katikati, na kila mmoja una sifa zake za kukariri. Kwa mtihani wa kidato cha sita jedwali hilo linatosha. Kwa kuielewa jamii halifai kitu, na kesi ninayoitumia kulivunja iko hapa hapa kwetu: Kenya na Tanzania, nchi mbili zilizojitangaza kuwa za ujamaa wa Kiafrika zikipishana miaka miwili tu.

Ndiyo, hata Kenya. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa Waraka wa Serikali Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya maendeleo. Aliyeubeba waraka huo ni Tom Mboya, Waziri wa Mipango. Kurasa zake za mwanzo zinakataa ubepari wa Magharibi na ukomunisti wa Mashariki kwa mkupuo, kisha zinasifu mila za Kiafrika za kubebana na kuwajibikiana. Mtu akikusomea aya hizo bila kukuonyesha jalada, unaweza kuapa kwamba zimeandikwa na TANU, chama kilichotawala Tanzania wakati huo. Ndiyo maana nawazuia wanafunzi wasikae sana kwenye utangulizi wa waraka wowote wa siasa. Nawaambia waulize maswali mawili: kiongozi anakatazwa nini, na fedha zinapelekwa wapi?

Swali la kwanza Tanzania ililijibu kwa ukali. Azimio la Arusha, tamko lake la ujamaa, lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari. Watu wengi wanalikumbuka kwa sababu ya mabenki, maana kesho yake tu yakataifishwa. Mimi naona moyo wake ulikuwa kwenye miiko ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Waandishi wake walijua mianya ilipo, kwa hiyo miiko ikamgusa mke wa kiongozi, au mume kama kiongozi ni mwanamke. Wala haikuishia kwa mawaziri na wabunge: iliwafikia madiwani, wakubwa wa mashirika ya umma, na watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati.

Ukali huo ulikuwa na chanzo chake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mishahara yao ya baadaye. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio. Ukiyasoma matukio haya kwa pamoja, unaona kwamba hofu yake kubwa haikuwa mabepari wa kigeni. Aliwahofia zaidi wasomi na wakubwa wa nchi yake, tabaka lililokuwa likichipuka mikononi mwa serikali iliyolisomesha.

Ng'ambo ya mpaka, jibu lilikuwa kinyume chake kabisa. Mwaka huohuo wa 1965, kwenye mkutano wa hadhara Kandara, Kenyatta alimkejeli Bildad Kaggia, aliyefungwa naye na wakoloni katika kesi ya Kapenguria na sasa akidai wasio na ardhi wapewe mashamba bure. Wenzako wa gerezani wana mashamba na biashara, alimwambia, wewe umejifanyia nini? Hapo itikadi ilisemwa wazi kuliko katika waraka mzima: mali ya kiongozi ndiyo ushahidi wa bidii yake. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyoangalia utumishi wa umma, ikakamilisha kazi, pale iliporuhusu watumishi wa umma wafanye biashara huku wakiendelea na kazi za serikali. Kenya ikapata matajiri waliotembea mchana kweupe. Tanzania walikuwepo pia, ila walijifunza kuandikisha mali kwa majina ya shangazi na wajomba.

Kuhusu fedha, Waraka Nambari 10 ulisema bila kupepesa macho: zipelekwe pale zitakapozalisha haraka zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Hakuna kabila lililotajwa. Ila maeneo yenye sifa hizo ni yaleyale ambako reli na walowezi walikuwa wamefika kabla ya uhuru. Turkana, Marsabit na Mandera ziliachwa nyuma kwa hesabu iliyoonekana ya kitaalamu tu, isiyo na siasa ndani yake. Mpango wa namna hii ni mgumu kuugombea, kwa kuwa hauna wa kumnyooshea kidole.

Tanzania ilipeleka nguvu zake vijijini, na hapo sina haja ya kuipamba. Ujamaa vijijini ulianza kwa hiari mwaka 1967. Kufikia mwishoni mwa 1973 ilikuwa amri: kila mtu wa shamba awe ameingia kijijini ifikapo 1976. Watu walihamishwa kwa malori, nyumba zikachomwa ili wasirudi, mashamba na mikorosho ikaachwa. Kilimo cha pamoja hakikushika mizizi. Kilichoshika ni kijiji chenyewe, pamoja na mkutano mkuu wake, halmashauri yake na mamlaka yake juu ya ardhi, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliyatambua. Mwekezaji anayetaka ekari zake leo bado hukumbana na wazee waliokaa chini ya mwembe na muhtasari wa kikao. Watunga sera wa 1973 hawakukusudia hilo.

Ibara ya 3 ya Katiba bado inasema Tanzania ni nchi ya kijamaa. Mwanafunzi akiniletea ibara hiyo kama hoja, namrudisha kwenye miiko. Februari 1991, kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, kule Zanzibar kililegeza masharti yale ya Arusha. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake. Kuwa nazo hakumzuii tena. Kenya nayo imeanza kulipa deni la waraka wake: ibara ya 204 ya Katiba ya 2010 inatenga nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa, kwa muda wa miaka 20.