Kocha hatakuongezea saa

Watendaji wengi wanaotafuta kocha binafsi huja na ombi moja: wafundishwe kupanga muda. Ombi linaeleweka, ila mara nyingi ugonjwa hauko hapo. Mtu aliyepanda hadi cheo cha ukurugenzi anajua kupanga muda, asingejua, asingefika. Kinachomshinda ni kuachia.

Tuweke mipaka kwanza. Kocha wa viongozi si daktari, si mshauri nasaha, wala si mstaafu anayekusimulia mambo yalivyokuwa enzi zake. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza, na kukurudishia maneno yako mpaka uyasikie mwenyewe. Kwa kawaida mnakutana saa moja hivi, kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi kadhaa. Mnapoachana unaondoka na jambo dogo la kutekeleza, na mkikutana tena swali la kwanza ni hilo: ulilifanya?

Pa kuanzia ni kalenda. Kocha atakuomba ufungue wiki mbili zilizopita, si zijazo (mipango hutupendelea sana), na kila kikao ukipigie alama: hapa nilihitajika mimi, hapa angetosha msaidizi wangu, hapa sikujua hata nimeitiwa nini. Sijaona mtu akilimaliza zoezi hili huku akicheka.

Tuseme mteja ni mkurugenzi wa fedha, na miongoni mwa vikao ambavyo msaidizi angetosha kuna kile cha kila Jumatatu cha kupitia malipo madogo. Kocha anauliza: kwa nini unakwenda? "Nisipokuwepo wanakosea." Mara ya mwisho walikosea lini? Kimya. Kisha jibu la kweli linakuja kwa sauti ya chini: hesabu zile ndizo zilizompa jina tangu akiwa mhasibu wa kawaida, na akiziacha hajui atabaki nani. Yote yaliyotangulia yalikuwa kupasha moto. Ukocha unaanzia hapo.

Ndiyo maana ushauri wa "zima kompyuta saa kumi na mbili jioni" haudumu. Kompyuta itazimwa, simu italazwa kifudifudi kando ya sahani, na kila inapotetemeka mezani mtoto anayesimulia habari za shule atakatiza sentensi, amtazame mzazi, halafu aseme "basi tu." Mzazi yupo, lakini hayupo. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akihamia jambo jingine kabla hajalifunga la kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Kwa hiyo makocha wengi humtaka mteja atenge dakika chache za mwisho wa siku ya kazi aandike kilichobaki kiporo na hatua ya kwanza ya kesho. Ni jambo dogo mno, na wakubwa hulidharau mpaka watakapolijaribu.

Kuna na upande wa afya, ambao si wa kubembelezana. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyotolewa mwaka 2021 yanaonyesha kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. WHO pia huutaja uchovu mkali utokanao na msongo wa kazi usiodhibitiwa kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Usingizi ukipotea kwa wiki nyingi, kifua kikikubana, au ukianza kuona maisha hayana faida, nenda kwa daktari. Kocha mwaminifu atakuelekeza huko yeye mwenyewe.

Swali ambalo watendaji husahau kuuliza ni hili: nani analipa? Mwajiri akilipa, ana haki ya kujua kama vikao vinafanyika, na pengine malengo ya jumla. Hana haki ya kujua kwamba ulilia. Mpaka huo uandikwe kwenye mkataba, pande zote tatu zitie saini kabla ya kikao cha kwanza. Kocha akikwambia "usijali, tutaelewana tu," tafuta mwingine.

Na uchague kwa makini, maana katika nchi nyingi yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, hutoa vyeti vya ngazi tatu. Hata ile ya chini, ACC, hudai mafunzo yasiyopungua saa 60 na uzoefu wa saa 100 za kukochi. Cheti hakimfanyi mtu kuwa na busara, lakini angalau unajua kuna aliyemkagua. Omba kikao cha majaribio, na uhesabu ni nani aliyezungumza zaidi. Kama ni yeye, umepata mhadhiri.

Turudi kwa mkurugenzi wetu. Jumatatu ya kwanza asipokwenda kikaoni, huenda vijana wake wakakosea kweli. Kocha atamwambia hivyo mapema, na watakubaliana kabla ya siku yenyewe: kosa la ukubwa gani litamrudisha chumbani mle, na lipi atalisoma tu kwenye ripoti ya mwezi kama wengine.