Mtandao pepe uliotengwa bado unaweza kumfikia mwenyeji

Anayetaka kuchunguza programu hasidi huambiwa aiweke kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, yaani mwenyeji) yenye mtandao uliotengwa. Ushauri ni sahihi, ila mara nyingi naona unafuatwa nusu tu.

Tuchukue libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, kwenye Linux. Mtandao wake wa kawaida, 192.168.122.0/24, una kipengele cha forward kwenye mipangilio yake, chenye modi ya NAT (mashine hutoka kwa kutumia anwani ya mwenyeji), na ndicho kinachozitoa mashine pepe hadi kwenye intaneti. Unda mtandao mwingine usio na kipengele hicho, basi umetengwa: mashine zitaongea zenyewe kwa zenyewe, nje hazitoki. Wengi huishia hapo.

Kinachosahaulika ni kipengele cha ip. Kikiwemo, kompyuta mwenyeji nayo hupata anwani kwenye daraja, yaani swichi pepe inayounganisha mashine hizo, tuseme 192.168.100.1. Ingia kwenye mashine pepe uandike ip route, amri inayoonyesha njia za mtandao. Hutaona mstari wa default, kwa sababu dnsmasq inayogawa anwani imeagizwa isitangaze njia ya kutokea. Ukiangalia hapo utaridhika. Sasa jaribu ping 192.168.100.1: mwenyeji anaitika! Huduma yake yoyote inayosikiliza kwenye anwani zote, kwa mfano SSH (ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali), inaweza kufikiwa na hicho unachokichunguza, isipokuwa kama ukuta wa moto umeizuia.

Kwa kazi za hatari mimi huondoa ip pia. Daraja linabaki swichi tupu, na anwani naziandika kwa mkono ndani ya kila mashine. Usumbufu huo naukubali bila kusita.

Wanaohama kutoka programu moja ya mashine pepe kwenda nyingine wawe makini zaidi na majina. Kwenye VirtualBox, mtandao wa Internal haumhusishi mwenyeji. Wa Host-only ndio unaomhusisha. Kwenye Hyper-V, swichi ya Internal inamhusisha mwenyeji, na ukitaka kumwacha nje unachagua Private. Jina ni lile lile, ulinzi ni tofauti kabisa.

Kuna pia milango isiyopita kwenye mtandao: folda za pamoja na ubao wa kunakili. Zima vyote viwili. Kisha, kwenye libvirt, endesha amri ya virsh domiflist pamoja na jina la mashine, uhakikishe haina kadi ya pili ya mtandao iliyoachwa kwenye NAT tangu siku ya kusakinisha.