Makumbusho ya Taifa ya Bangkok si ghala la vitu vilivyostaafu

Wageni wengi wa Bangkok hutembelea Kasri Kuu kisha huyaacha Makumbusho ya Taifa, wakiamini ni mahali pa kuhifadhia vitu vikuukuu tu. Si kweli. Makumbusho yenyewe yamo ndani ya kasri: Wang Na, lililojengwa kuanzia 1782 kwa ajili ya makamu wa mfalme. Cheo hicho kilipofutwa, Mfalme Chulalongkorn akahamishia huko makusanyo ya kifalme, mwaka 1887. Mbele ya sanamu ya Buddha iitwayo Phra Phuttha Sihing, watu bado hupiga magoti na kusali.

Ila dhana hiyo huporomoka kabisa kwenye banda la magari ya mazishi ya kifalme. Kubwa kuliko yote, Phra Maha Phichai Ratcharot, lilitengenezwa miaka ya 1790, enzi za Mfalme Rama I: mbao zilizochongwa kwa ustadi wa ajabu na kupakwa dhahabu, kimo cha takriban mita 11, uzito unaozidi tani 13. Huvutwa kwa kamba na watu zaidi ya 200. Oktoba 2017 lilitolewa bandani, likatumika katika mazishi ya Mfalme Bhumibol uwanjani Sanam Luang, jirani tu na makumbusho. Usilikose! Nenda kati ya Jumatano na Jumapili. Jumatatu na Jumanne hufungwa.