Je wajua kwanini boti ya faiba hutoka malengelenge tumboni?

Boti ikikaa majini mwaka mzima alafu ikapandishwa juu siku ya bamvua, hebu pitisha kiganja tumboni chini ya mstari wa maji. Wakati mwingine utakuta vipele, vingine kama punje ya mtama, vingine vipana kama sarafu ya shilingi mia, na ukitoboa kimoja kinaruka maji yanayonata yenye harufu ya siki. Watu wengi wanasema hiyo rangi mbovu, wengine wanasema jua. Ila jua haliharibu hivo, jua linafanya sehemu ya juu ififie na kutoa unga mweupe unaobaki mkononi, na ile ukipiga polish inarudi. Vipele vya tumboni ni ugonjwa mwingine kabisa na kuna maji ndani ya mwili wa boti yenyewe.

Kuelewa yameingiaje lazima ujue boti ya faiba inajengwa kuanzia nje kwenda ndani, sio kama jahazi au mashua ya mbao. Fundi anapaka nta kwenye kalibu, anafuatia jelkoti, yaani resini (gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu) ya aina ya polyesta iliyotiwa rangi, unene kama nusu milimita au kuzidi kidogo, ikianza kushika ndio analaza mikeka ya nyuzi za kioo na kuilowesha resini tabaka kwa tabaka mpaka boti ipate mwili. Kwaiyo ile ngozi inayong'aa haikupakwa mwisho kama rangi ya nyumba, ndiyo ilitangulia, na kazi yake ni kuukinga mkeka usikutane na maji.

Sasa jelkoti inazuia maji lakini haizuii yote, na hapa ndipo wengi hawaamini maana inaonekana kama plastiki ya ndoo. Maji yanapenya taratibu sana, chembe moja moja, hata kama hakuna ufa wala tundu. Yakipenya na kutoka hakuna shida. Shida ni yakikutana ndani na vitu vinavyoyeyuka, mabaki ya kemikali ambazo hazikuungana vizuri resini ilipokuwa inakauka, gundi iliyoshika nyuzi za mkeka, au kijipovu cha hewa ambacho fundi hakukitoa kwa rola kwa sababu alikuwa na haraka. Maji yakiyeyusha hivo vitu yanakuwa makali, na maji makali yanavuta maji mengine.

Hii unaiona jikoni kila siku. Ukikata vitunguu vya kachumbari ukatia chumvi, baada ya dakika chache vinatoa maji, kwa sababu maji yanatoka upande mwepesi kwenda upande wenye chumvi. Kwenye boti ni hivohivo ila upande mkali uko ndani, kwaiyo bahari ndiyo inayovutwa kuingia. Wataalamu wanaita osmosisi. Kifuko kinajaa, presha inapanda, jelkoti inanyanyuka, na resini nayo inaanza kuvunjwa na maji polepole na kutoa asidi, ndio ile harufu ya siki.

Ukishaelewa hapo, mambo mengi yanajieleza yenyewe. Boti ya Ziwa Victoria iko kwenye hatari zaidi kuliko ya Tanga au Lamu, maana maji ya bahari tayari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita hivo tofauti kati ya nje na ndani inapungua, lakini maji ya ziwa ni mepesi kabisa na yanavutwa kwa nguvu zaidi. Joto nalo linaharakisha. Boti inayolala mchangani kila maji yakipwa inapata muda wa kupumua, ile inayofungwa kwenye boya miezi 12 haipati. Na aina ya resini ina mchango mkubwa tu, boti zinazoanza na tabaka la resini ya vinailesta nyuma ya jelkoti zinavumilia zaidi kuliko zile za polyesta ya kawaida ya bei rahisi.

Kabla hujaingia gharama hakikisha kwanza ni osmosisi kweli. Toboa kimoja, na vaa miwani kwa sababu yale maji ni asidi na yanaruka kwa presha. Kama chini yake unakuta jelkoti nzima haina kasoro na maji hayana harufu, basi ni rangi tu iliyoachia, kwangua upake upya. Ukikuta nyuzi, hapo ndio kazi ipo.

Kosa ninaloliona kila mara, na linaniuma kwa sababu watu wanatumia pesa ya ukweli, ni kuziba haraka. Boti ya mjomba wangu ilifanyiwa hivo, vipele vikasagwa asubuhi, jioni vikajazwa puti ya magari, kesho yake rangi, siku ya tatu iko majini. Haikumaliza mwaka vikarudi, vingi kuliko mwanzo. Puti ya magari ina unga unaofyonza maji, na hata ungeweka puti nzuri kiasi gani, ukifungia yale maji makali ndani umeufungia ugonjwa wenyewe.

Kazi inatakiwa ianze na chaki, zungushia kila kipele siku hiyohiyo boti inapotoka majini, maana ikikauka vingine vinanywea huvioni tena. Alafu fungua vyote kwa grainda, umbo la kisahani chenye kingo zilizolala, mpaka ufike kwenye mwili mgumu usio na weupe. Osha kwa maji ya bomba, ya moto ukiweza, rudia kesho na keshokutwa, kwa sababu yale mabaki hayaondoki kwa hewa peke yake, mengine yanavuta unyevu hata boti ikiwa nchi kavu. Watu wanaruka hii hatua ya kuosha na ndio roho ya kazi yote.

Alafu subiri. Wiki nyingi, mara nyingine miezi. Kwa pwani yetu panga kuanzia Desemba vuli ikiisha mpaka kabla ya masika ya Machi, boti ikae chini ya banda lenye upepo. Kujua kama imekauka bandika kipande cha nailoni sentimita 30 kwa 30, tepu pande zote, iache siku nzima, ukiona matone upande wa ndani bado.

Ikikauka jaza kwa epoksi, ambayo ni resini ya aina nyingine, sio polyesta. Epoksi inang'ang'ania mwili wa zamani vizuri zaidi na inapitisha maji kidogo sana. Shimo likiwa na kina rudishia kitambaa cha faiba kwanza, usijaze puti tupu. Na mafundi waliozoea polyesta wasikilize hapa, kwenye polyesta unaongeza hadena, yaani dawa ya kugandisha, kidogo ishike haraka, kwenye epoksi ukizidisha hadena haishiki haraka, inabaki laini milele, pima kama ilivyoandikwa kwenye kopo.

Baada ya msasa pakaa epoksi ya kukinga tumbo zima chini ya mstari wa maji, mikono mitano au sita ya rola mpaka ifike kama milimita 0.3, ukiweza badilisha rangi kila mkono uone ulikoruka. Usianze alfajiri kuna umande, wala usichelewe jioni. Unyevu wetu wa pwani unafanya epoksi itoe kama mafuta juu yake ikikauka, na ukipiga msasa kabla ya kuyaosha unayasambaza tu, mkono unaofuata hautashika. Yanatoka kwa maji safi na sponji ngumu ya kuoshea sufuria. Juu ya hapo ndio rangi ya kuzuia magamba. Jelkoti mpya juu ya epoksi mimi siishauri, mara nyingi haishiki.

Kama ni vipele vichache vidogo na boti imeshakula miaka mingi, usimkubalie mtu anayetaka kuvua ngozi nzima. Hivyo ni vya kuziba kimoja kimoja, havizamishi boti. Ya mjomba ilikuwa navyo mamia, kwaiyo mara ya pili ikakaa chini ya makuti tangu Krismasi mpaka mwisho wa Februari, akawa anaenda kuitazama kila Ijumaa baada ya swala na kubandua nailoni, na ile ya wiki ya tisa ndio ilitoka kavu.