Pampu ya matiti, ya mkono au ya umeme? Tunayoambiwa na yaliyo kweli

Mdogo wangu alinipigia simu saa tano usiku na kabla hajasema lolote akaniapisha nisimwambie mama. Alikuwa amenunua pampu ya kukuza matiti, ile ya mkono, makombe mawili ya plastiki na kiputo cha mpira kama cha mashine ya kupimia presha. Ameitumia siku nne. Siku ya nne akaminya zaidi, maana muuzaji alimwambia asiyevumilia haoni matokeo. Alipovua kombe la kushoto akakuta duara la zambarau limezunguka titi zima, na ndani ya duara malengelenge mawili madogo. Nilidhani ananiuliza afanye nini na malengelenge. Kumbe swali lake lilikuwa jingine: "Dada, nibadilishe nichukue ya umeme?"

Swali hilo nimelisikia saluni, nimelisikia kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mara majibu yanatolewa kwa kujiamini sana na watu ambao hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu jambo lenyewe. Nimelisoma, na nataka kulieleza kama nilivyomweleza yeye.

"Ya umeme inavuta kwa nguvu, kwa hiyo inakuza haraka"

Hili ndilo kosa mama, mengine ni watoto wake.

Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu kukuza matiti kwa kuyavuta kutoka nje ulichapishwa mwaka 2000 huko Marekani. Uliongozwa na Roger Khouri, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wa Miami, ambaye ndiye aliyebuni kifaa chenyewe, kikiitwa Brava. Msomaji aliweke hilo akilini: aliyepima ndiye aliyetengeneza. Walianza wanawake 17. Watano wakaondolewa kwa kutofuata masharti, wakabaki 12.

Kifaa chao kilikuwa cha umeme, lakini si umeme unaouzwa leo madukani. Kilikuwa kama sidiria yenye makombe magumu, kingo zake zimewekwa mto laini wa silikoni, na kimotari kidogo kilichokuwa na kazi moja tu: kulinda mvuto usizidi wala kupungua. Na mvuto wenyewe ulikuwa milimita 20 za zebaki, kipimo kile kile kinachotumika kupima presha ya damu.

Ishirini ni kiasi gani? Chukua mrija, chovya kwenye maji, nyonya mpaka maji yapande kama sentimita 27, pungufu kidogo ya rula ya shule. Basi. Mtoto wa chekechea anaweza. Hiyo ndiyo nguvu iliyotumika, na haikuchaguliwa kwa bahati. Damu kwenye mishipa midogo kabisa ya mwili, ile myembamba kama unywele na zaidi, inakwenda kwa shinikizo la milimita kati ya 10 na 35 hivi. Ukivuta kwa nguvu kuliko hapo, maji yanatoka kwenye mishipa na kujaa kwenye nyama. Ukiendelea kuongeza, mishipa inapasuka. Duara la zambarau la mdogo wangu ni damu iliyovilia kwa sababu hiyo hiyo.

Kilichobeba kazi kwenye utafiti ule ni saa. Wanawake wale walivaa kifaa saa 10 hadi 12 kila siku, kwa wiki 10. Piga hesabu: siku 70 mara saa 10 ni saa 700, kwa uchache. Sasa chukua yule anayeambiwa atumie pampu dakika 20 kwa siku. Ili afikishe saa 700 anahitaji siku 2,100, yaani karibu miaka sita bila kukosa siku hata moja. Na hata akifika, hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba dakika 20 zilizotawanyika zinafanya kazi ya saa 10 mfululizo. Seli za mwili hugawanyika pale zinapovutwa polepole na kwa muda mrefu. Ndiyo kanuni aliyoitumia Gavriil Ilizarov kule Siberia kurefusha mifupa ya miguu, milimita moja hivi kwa siku. Angevuta sentimita tano kwa mkupuo mmoja, asingerefusha kitu, angerarua.

Na matokeo? Yalikuwepo, siwezi kuyaficha. Wiki ya 10 ukubwa ulikuwa umefika wastani wa karibu mara mbili ya ule wa mwanzo. Wiki ya kwanza baada ya kuacha, sehemu kubwa ikarudi. Ongezeko lililobaki lilikuwa wastani wa asilimia 55 ya ukubwa wa mwanzo, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa pana, kuanzia asilimia 15 hadi 115. Picha za MRI zilionyesha kwamba kilichobaki kilikuwa mafuta na tezi, si maji. Lakini asilimia 55 ya titi dogo ni kidogo pia, na hawa ni wanawake 12 tu. Miaka ya baadaye Khouri mwenyewe alikuja kukitumia kifaa hicho kama maandalizi: mwanamke anakivaa wiki kadhaa, kisha anachukuliwa mafuta sehemu nyingine ya mwili na kupandikizwa kwenye titi. Matokeo ya wanawake 81 waliofanyiwa hivyo yalichapishwa mwaka 2012. Mimi hilo linaniambia mengi kuhusu kifaa kikiwa peke yake.

"Ya mkono ni salama, kwa sababu naisimamia mwenyewe"

Mdogo wangu naye aliamini hivyo. Ni kweli kwamba mkono unaachia pale unapoumia. Tatizo ni kwamba maumivu huchelewa. Ngozi iliyovutwa kwa dakika tano hupata ganzi kidogo, na unayedhani "nimezoea" huenda umeacha tu kuhisi.

Halafu kuna geji, ile saa yenye mshale wa kuonyesha nguvu ya mvuto. Pampu nyingi za mkono hazina geji kabisa, unaminya kwa kukisia. Zile zenye geji, soma vizuri vipimo vyake. Baadhi zimepimwa kwa inchi za zebaki, si milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo mshale ukigusa namba 5, ambayo mara nyingi ndiyo namba ya kwanza kuandikwa kwenye uso wa geji, mtu anaona "nimeanza pole pole, tano tu," kumbe yuko kwenye milimita 127, zaidi ya mara sita ya ule utafiti. Nyingine zimeandikwa kPa. Hapo moja ni milimita 7.5, kwa hiyo unachokitafuta ni chini kidogo ya 3. Namba 10 ni milimita 75.

Geji ya mdogo wangu nilimwomba anipigie picha. Mshale ulikuwa wa inchi. Alikuwa amefika kati ya 7 na 8.

Lipo jambo jingine la pampu ya mkono linalosahaulika: haiwezi kutulia. Hewa inapenya taratibu pembeni, mvuto unashuka, unaminya tena, unapanda ghafla. Kwa saa 10 hakuna mkono utakaofanya kazi hiyo, na kulala nayo ni hatari tupu.

Basi ya umeme ni bora? Inategemea ni umeme gani. Zilizojaa sokoni zinavuta na kuachia, zinavuta na kuachia, na kitufe chake kimeandikwa 1, 2, 3 bila kusema hizo ni tatu za nini. Mashine za saluni, zile za kuvuta matiti na makalio kwa makombe makubwa, zina nguvu zaidi, na anayezungusha kitufe ni mtu mwingine asiyesikia maumivu yako. Hapo ya mkono ina nafuu. Lakini ukiniuliza kinachotofautisha pampu moja na nyingine, nitakujibu: je, inaonyesha mvuto kwa namba inayoeleweka, inaweza kukaa chini kwa utulivu, kingo zake ni laini, na ina valvu ya kuachia hewa mara moja? Mkono au umeme linakuja baada ya hayo manne.

Valvu ni muhimu kwa zote mbili. Umeme ukikatika mota inazima, lakini kombe linaweza kubaki limeng'ang'ania. Usilivute. Ingiza kidole kidogo pembeni hewa iingie, kama mama anavyofanya mtoto akiwa hataki kuachia chuchu.

"Nimepima kabla na baada, limeongezeka sentimita mbili"

Limeongezeka, ndiyo. Ni maji. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu iliyovimba, hesabu mpaka kumi, achia. Kama kinabaki kishimo, hiyo ni kuvimba, ile ile unayoiona kwenye miguu ya mjamzito jioni. Kesho asubuhi maji yamerudi kwenye damu. Picha nyingi za "kabla na baada" zinazopostiwa na wauzaji zimepigwa hapo hapo, kombe likiwa limetoka kuvuliwa. Kama unataka kujua ukweli pima asubuhi, saa nyingi baada ya kutumia, na upime siku ile ile ya mwezi wako, maana matiti yenyewe hujaa kabla ya hedhi na kupungua baadaye.

"Ile ya kukamulia maziwa inafanya kazi hiyo hiyo"

Hapana. Ya kukamulia imeundwa kuvuta chuchu, si titi zima, na mvuto wake hufika milimita 200 na zaidi, kwa midundo mifupi, kwa sababu kazi yake ni kumwiga mtoto. Asiyenyonyesha akiing'ang'ania atapata chuchu zilizochubuka. Wengine huanza kutoa majimaji kwa sababu chuchu ikisisimuliwa mara kwa mara ubongo hutoa homoni ya maziwa.

"Inanyanyua matiti yaliyolala"

Titi linashikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi nyembamba zilizopita ndani yake. Nyuzi hizo zikirefuka hazirudi. Pampu kazi yake ni kurefusha. Anayelalamika kwamba matiti yamelala baada ya kunyonyesha au kupungua uzito anapeleka pampu pale pale palipokwisha kulegea, na akivuta kwa nguvu anaongeza michirizi juu yake. Kuhusu mafuta na krimu za kupaka kabla ya kuvuta, nitasema moja tu: krimu isiyoorodhesha kilichomo usiipake kwenye titi.

"Imesajiliwa FDA"

Kibandiko hiki kinawababaisha wengi, na wenye vibandiko wanajua. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, inaruhusu kiwanda kujiandikisha na kuorodhesha vifaa vyake, na yenyewe inasema wazi kwamba kujiandikisha si kuidhinishwa. Anayekuonyesha cheti chenye tai na nyota kwamba pampu yake "imethibitishwa" mara nyingi anakuonyesha risiti ya kujiandikisha. Kwa Tanzania anayehusika na vifaa tiba ni TMDA, na una haki ya kuwauliza kama kifaa kimesajiliwa. Muuzaji anayekasirika ukiuliza, mwache na bidhaa yake.

"Ikiumiza sana nitaacha, hakuna madhara ya kudumu"

Hapa naomba usome taratibu.

Mafuta ya titi yakijeruhiwa yanaweza kufa sehemu ndogo na kuacha kinundu kigumu. Kinundu hicho si saratani, wala hakuna ushahidi kwamba pampu inasababisha saratani. Lakini kwa mkono, na mara nyingine hata kwenye picha, hakitofautiki na saratani kirahisi. Utaanza safari ya vipimo na sindano ya kuchukua kinyama, na usiku usiolala. Ubaya wa pili ni mkubwa kuliko huo: mwanamke aliyezoea kuona titi limevimba na kuuma kwa sababu ya pampu, siku kikija kinundu cha kweli atasema ni pampu tu.

Kwa hiyo kama una uvimbe wowote, chuchu inayotoa damu, ngozi iliyovutika ndani, au historia ya saratani ya matiti kwa mama au dada, kwanza ni kwa daktari. Vivyo hivyo kama una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au una kisukari kilichoanza kukuondolea hisia. Na msichana ambaye bado anakua, nasema kwa herufi kubwa moyoni, asiuziwe kitu hiki kabisa.

Mdogo wangu tulikwenda wote kituo cha afya Jumatatu. Muuguzi alimkanda matiti yote mawili bila haraka, akasafisha malengelenge, akamwambia duara litapita kijani, njano, kahawia, kisha litaondoka. Ndipo, tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa, akaniambia kwa nini alikuwa akivuta la kushoto zaidi. La kushoto ni dogo kuliko la kulia. Amelijua hilo tangu kidato cha pili na hakuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia langu la kulia ndilo dogo, na kwamba wanawake wengi wana matiti yasiyolingana. Akanitazama kifuani waziwazi, pale pale kwenye benchi, kama anayehakiki mizigo.

Siku hizi anavaa sidiria yenye sponji za kutoa. Ya kulia ameitoa, ya kushoto ameiacha.