Samadi kwanza, mawe baadaye

Nikiulizwa mashamba ya kale ya East Lothian, kusini-mashariki mwa Scotland, yalijengwaje, muulizaji hutarajia nianze na mawe mekundu na vigae vya udongo. Mimi huanza na samadi. Mkulima wa huko mwishoni mwa karne ya 18 hakuwa na mbolea ya dukani, na ardhi inayopandwa nafaka mfululizo huchoka. Dawa yake ilikuwa kuwafungia ng'ombe uani majira yote ya baridi, awalishe tanipu, awatandikie mabua ya ngano, nao wayakanyage hadi yawe samadi ya kurudishwa shambani. Ukishajua hilo, ramani nzima ya majengo inasomeka.

Majengo huuzingira ua kwa pande tatu. Upande wa kusini huachwa wazi, au hujengwa chini, kwa sababu jua la baridi kule hutambaa karibu na upeo wa macho na ukuta mrefu ungewanyima ng'ombe hata hilo dogo. Ghala la kupuria nafaka, ambalo kwa kawaida ndilo jengo kubwa kuliko yote, huwekwa kaskazini likinge upepo. Tena humo ndimo mabua yanamozaliwa: nafaka ikishapurwa, yanatupwa uani hatua chache tu. Kubeba mabua ni kazi, na kila hatua iliyopunguzwa ilikuwa faida.

Kuta za ghala zina matundu marefu, membamba kwa nje na mapana kwa ndani. Wageni hupenda kuambiwa ni ya kurushia mishale. Ni ya hewa.

Mwaka 1786 Andrew Meikle, fundi wa vinu wa Houston Mill karibu na East Linton, alitengeneza mashine ya kupuria iliyofanya kazi kweli, na umbo la mashamba likabadilika. Mashine ilitaka nguvu, na farasi ndio waliokuwapo. Walifungwa kwenye boriti wakazunguka mhimili siku nzima, hivyo banda lao likajengwa la duara au la pembe nyingi, paa lake limechongoka kama la nyumba ya msonge, limegandana na ukuta wa ghala. Baadaye ikaja injini ya mvuke pamoja na dohani yake ndefu. Nikiona dohani na msonge kwenye shamba moja, nimeshapata vipindi viwili vya historia yake kabla sijateremka garini.

Banda la mikokoteni ni safu ya matao yasiyo na milango, na juu yake kuna stoo ya nafaka. Mpangilio huo una akili: hewa inapita chini ya sakafu ya mbao, nafaka inabaki kavu, na panya hapati njia rahisi ya kupanda.

Mawe yameunganishwa kwa chokaa, kama kuta za Lamu na Mji Mkongwe, ila kule pwani tulichoma matumbawe na wao walichoma mawe ya chokaa. Ugonjwa ni uleule pande zote mbili: fundi wa leo anaziba nyufa kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe, na jiwe linaanza kumomonyoka. Scotland kuna na barafu, inayomalizia kazi.

Mashine kubwa za kuvunia haziingii katika majengo haya, kwa hiyo mengi yamegeuzwa nyumba za kuishi. Sina ugomvi na hilo. Jengo lisilo na kazi huanguka. Ninachopinga ni kuukata ua kwa uzio ili kila mwenye nyumba apate kibustani chake, maana hapo kinachobaki ni safu za nyumba zilizotazamana bila sababu. Matao yakitiwa vioo navumilia, kwa kuwa kioo huweza kutolewa baadaye. Uzio huwa naukataa tangu mchoro wa kwanza, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo na mteja yanapokuwa magumu.